Kisanduku Kilichosikia Moyo

Dada yangu ni fundi cherehani, na hamwamini mtu. Mteja akimtajia kiuno chake, yeye huvuta tepu akapima upya. Kwa hiyo nesi alipokuja kutundika ukutani kisanduku cha kusoma mapigo ya moyo wa Mama bila kumgusa, nilijua hapo pana kazi.

"Hakimgusi, kitajuaje?" dada aliuliza.

Nesi akaeleza kwamba moyo ukidunda kifua hutikisika kidogo, na kisanduku hunasa huko kutikisika. Dada akaguna. Wiki haikuisha, majibu yakaja: mapigo ya Mama yanachechemea, na yakiendelea hivyo atapelekwa hospitali kubwa, mbali. Dada alipandwa na mori. Tangu Mama apooze miguu, yeye ndiye anayemlisha na kumgeuza, na hajawahi kulala nje ya chumba kile.

Akaanza kukitafutia kisanduku makosa. Akazima feni, maana nesi mwenyewe alikiri feni hukivuruga. Cherehani akaihamishia sebuleni isitikise sakafu. Simu zikatolewa. Hata paka akatimuliwa, maskini, hana hili wala lile. Mapigo yakazidi kuchechemea. Nilipomwambia apunguze ubishi, akanifokea kwamba nimekula njama na nesi tumwondoe Mama. Iliniuma, sikufichi.

Juzi nesi akarudi na skrini ya kuonyesha mapigo hayo. Mama alikuwa amelala, katulia tuli. Dada alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, kati ya kitanda na ukuta, amekikodolea kisanduku macho. Mapigo yakaruka, yakasita, yakaruka tena. Dada akasonya, akaenda zake jikoni. Papo hapo mapigo yakakaa sawa. Aliporudi kuketi, yakaanza tena kuchechemea.

"Si nilisema? Kibovu hicho," akasema, karibu acheke.

Nesi alichuchumaa mbele yake, akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo yake.

"Dada, kinasoma kifua kilicho karibu nacho," akasema. "Moyo wa Mama ni mzima. Huu ni wako."

Nilitegemea abishe. Hakubisha. Aligeuka akamtazama Mama.

"Sasa nani atamgeuza?" akauliza.

Nikamwambia, mimi. Akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyemtajia kiuno.