Sigara ya Mkwe Chini ya Mwamba

Nilipiga sururu ukutani, ukuta ukaimeza. Yote, na mpini wake!

Kwetu Kapadokia, Uturuki, mwamba ni laini, kwa hiyo mtu akitaka kuoa anachonga chumba. Baba yake mchumba wangu Nurhayat, mzee Hüsamettin, alikuwa amenipa sharti moja tu.

"Tuncay, zabibu zikivunwa chumba hakijaisha, binti simtoi."

Na zabibu zilikuwa zimeshaiva.

Nikachungulia tunduni na tochi. Aisee! Ukumbi, ngazi, mashimo ya kuwekea mitungi. Mji mzima wa watu wa kale, chini ya zizi letu.

Mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nilitaka kulia. Maofisa wa serikali wa mambo ya kale wakisikia, kazi inasimama, na mke ndiyo kwaheri.

Nikaingia nione unaishia wapi, nijue pa kuziba kimyakimya. Nikainama, nikatambaa, nikapita mlango wa jiwe la duara. Mara nikanusa moshi.

Sigara!

Jamani, majini nao wanavuta?

"Nani hapo?" sauti ikauliza gizani.

"Mimi Tuncay! Nina mchumba, usinidhuru!"

Nikamulika. Mzee Hüsamettin huyo, amekalia gunia la viazi, sigara mkononi. Daktari alishamkataza kuvuta, na yeye akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba ameacha.

Kumbe nilikuwa nimetokea chini ya nyumba yake.

"Hujaniona," akasema.

"Na wewe baba hujaona tundu langu."

Akafikiri kidogo. "Chumba chako kimeisha, mwanangu. Tena kizuri mno. Harusi wiki ijayo."

Tukapeana mikono. Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu. Mzee naye akanogewa.

"Miaka sita navutia hapa, yule mwanamke hana habari. Mke unaishi naye kwa akili, Tuncay."

Ndipo sauti ya mama mkwe, Fadime, ikashuka taratibu kwenye tundu la hewa lililochongwa juu ya vichwa vyetu.

"Baba Nurhayat, zima hiyo, ni ya tatu leo. Tuncay mwanangu, panda unywe chai. Na harusi ni Alhamisi, chumba kiishe kisiishe."

Sigara ikamdondoka mzee.

Wanaume wenzangu, ukiona siri yako imekaa miaka sita ndani ya nyumba, usijisifu. Mshukuru mkeo, ndiye aliyekutunzia.