Sauti ya Bibi Milembe Mdomoni mwa Duara

Juzi nikiwa sokoni Kahama, mama mmoja alimwita mwanawe aliyekuwa anapotelea kwenye msongamano. Sauti yake ilipasua soko zima, hata muuza dagaa akaacha kupima. Watu walicheka. Mimi nilibaki nimeshika fungu la nyanya kama zezeta, maana ghafla nilikuwa msichana mdogo tena, machimboni upande wa Geita, miaka ya tisini, nikimtazama bibi yangu.

Bibi Milembe, mama yake Baba, alikuwa na sauti, ndugu zangu! Mungu alimpa ya watu watatu. Kwao, vijijini Shinyanga, aliwaita wachungaji walioko ng'ambo ya mbuga, nao wakageuka. Lakini kwa mwanamke hiyo haikuwa sifa. Marehemu babu alimwambia anamtia aibu mbele ya wageni. Kanisani walimwomba akae benchi la nyuma, aimbe polepole. Alipofiwa na mume akaja kuishi nasi, alikuwa ameshazoea kuongea kiganja kikiwa mdomoni. Hata hivyo mnong'ono wake ulifika kwa jirani. Akitupa siri asubuhi, mchana mtaa mzima unayo. Akishtuka husema, "Nisameheni, wanangu." Alisema hivyo kila siku.

Baba alikuwa mchimbaji. Alishuka kwenye duara, shimo refu lililoshikiliwa na magogo, na huko chini njia zilikuwa zimetobokeana na za maduara mengine, kiasi kwamba asiye na tochi hajui kulia wala kushoto. Sisi wanawake tulikatazwa kusogea mdomoni mwa duara. Ilisemwa mwanamke akichungulia, dhahabu inakimbia. Mwisho wetu ulikuwa kwa mama ntilie, penye harufu ya maharage na vumbi la mawe.

Tulikuwa hapo, mimi na Bibi, tumempelekea Baba ugali, ardhi ilipoguna. Vumbi jekundu likapanda. Wachimbaji wakaanza kutoka wakikohoa, mmoja mmoja, wekundu kama matofali. Baba hakutoka. Aliyekuwa naye alisema kifusi kimeziba njia waliyoingilia na tochi zimefukiwa. Yeye alikuwa amebahatika kuupata mwanya wa pembeni, lakini Masanja, yaani Baba, bado yumo anapapasa gizani, hajui njia ipi inaleta juu. Wanaume wakainama shimoni wakapiga kelele wote kwa pamoja, kila mtu na lake. Mimi nililia mpaka kwikwi.

Bibi akaweka bakuli chini, akaenda. Kijana mmoja akamzuia, "Bibi, huko ni mwiko!" Akamsogeza pembeni kwa mkono mmoja, kama anavyosogeza ndama. "Hebu nyamazeni nyote," alisema, na kiganja hakikuwa mdomoni.

Akalala kifudifudi, khanga ikajaa udongo, akaita. "Masanjaaa! Nzugu kunu!" Njoo huku. Ndivyo Wasukuma tunavyomwita mtoto arudi nyumbani. Jamani, niliihisi sauti ile ikipita ardhini, chini ya nyayo zangu! Kisha akanyamaza, akasikiliza, akaita tena kutoka palepale, wala hakuharakisha. Wanaume wazima walivua kofia, sijui nani aliwaambia wavue. Jua likasogea, sauti ikaanza kukwaruza, naye hakuacha, mpaka kutoka chini kabisa tukasikia kitu chembamba: "Naam, mama."

Baba alitoka akitambaa, magoti yamechunika, akamshika mama yake miguu.

Jioni tulikaa uani. Bibi alikuwa amekirudisha kiganja mdomoni. Akamnong'oneza Baba, nasi wote tukasikia, "Mwanangu, leo hukuona aibu? Mbele ya wenzako wote?"

Baba akaweka kikombe chini. Machozi yalimtoka waziwazi, mbele yetu watoto, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mama," alisema, "niite tena."

"Si upo hapa?"

"Niite tu, mama."

Bibi akaondoa kiganja, akamwita mtu aliyeketi ubavuni kwake. Kuku wakatawanyika, majirani wakatoka nje. Baba akaitika kwa nguvu, "Naam, mama!" Nilicheka mpaka nikagaagaa, nikidhani wanacheza.

Tangu jioni ile Bibi aliongea kwa sauti yake yote mpaka alipofariki, na sikumsikia tena akiiombea sauti hiyo msamaha. Kanisani alihamia benchi la mbele bila kuulizwa na mtu. Nilidhani ni uzee tu umempa ujasiri.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo Baba aliponieleza. Akiwa shule ya msingi, siku moja Bibi alimwita kutoka ng'ambo ya uwanja, wenzake wakamcheka. Alirudi nyumbani akamwambia, "Mama, usiniite tena mbele za watu." Na Bibi, kwa miaka yote ile, alimtii.