Mluzi wa Mama Advera

Adriano wa Igalula, fundi baiskeli mwenye kibanda karibu na stesheni, ana wivu. Siyo ule wivu mdogo ambao kila mwenye mke anao. Wake ni wa kuotea mbali. Enzi za uchumba alimnunia mwalimu wa kwaya kwa sababu alimshika Gaudensia bega akimwelekeza sauti ya pili. Siku ya ndoa akamnunia padri, eti kwa nini aseme bibi harusi amependeza. Sasa binti yao Advera ameolewa Puge, wajukuu wapo, kichwa kimeingia mvi, na wivu wenyewe haujazeeka hata kidogo. Ukimwuliza atakuambia huo si wivu, anamlinda tu mke wake, na atalisema hilo huku akikaza spoki kana kwamba ndizo zilizomkosea.

Basi kijiji kikamchagua Gaudensia kuingia kamati ya maliasili. Msitu wa kijiji ulikuwa unaisha watu wakitazama. Wageni walikuwa wakiingia, wanaangusha mninga, wanaupasua mbao humo humo porini, na kabla hujajua pikipiki zimeshabeba. Wenye mizinga ya nyuki wakalia kwenye mkutano, ikaamuliwa wanakijiji wenyewe wafanye doria, na Gaudensia akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Aliporudi nyumbani kueleza, Adriano aliuliza jambo moja tu: nani mwingine yumo?

Alikuwemo Sylvester. Mrina asali, mrefu, mcheshi, mke hana. Tena humwamkia Adriano shikamoo kwa adabu zote, jambo ambalo Adriano alilihesabu kuwa kejeli.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Gaudensia akirudi na chupa ya asali, mume haionji. Akirudi nguo zinanuka moshi, anaulizwa ni moshi wa nani. Kisha likaja hili la mluzi. Mama mtu mzima, anasonga ugali, huku anapiga mluzi: mrefu, unapanda, halafu unakatika ghafla. Adriano aliutambua. Ndio ambao warina asali humjibu nao yule ndege anayewaongoza kwenye nyuki. Na aliyemfundisha mkewe mluzi wa warina asali, hakuhitaji kutajiwa jina lake. Usiku wa siku hiyo alilala amegeukia ukutani.

Angeuliza, angeambiwa. Kamati ilichagua mluzi ule kwa sababu porini haumshtui mtu. Mkata miti akiusikia anajua ni mtafuta asali anapita zake. Anayewaona wezi hupiga mara moja, kisha anatulia mafichoni. Wenzake wakishafika karibu, wanajibu kwa mluzi ule ule, na hapo wote wanatoka kwa pamoja. Asipojibiwa, hatoki. Lakini kila Gaudensia alipoanzisha habari za doria, Adriano alikuwa anaongeza sauti ya redio.

Jumamosi moja alifunga kibanda mapema, akamwacha mteja kasimama na gurudumu mkononi, akawafuata wanadoria kwa kunyata. Huko msituni waligawanyika. Alipoona Gaudensia ameshika njia yake peke yake, roho ilimruka: ndiyo hiyo sasa, anakwenda kukutana naye. Akajibanza nyuma ya kichuguu. Mkewe alikuwa amechuchumaa kichakani mbele yake, anachungulia kitu ambacho yeye hakukiona. Kisha akapiga mluzi.

Wivu ulimpanda Adriano mpaka masikio yakawaka moto. Anamwita, tena mchana kweupe! Akaona dawa ni kumjibu yeye mwenyewe, amwone mkewe atatoka na uso gani. Akatia vidole mdomoni, akajibu.

Gaudensia akatoka. Hakukimbia wala hakutabasamu. Alikwenda moja kwa moja hadi penye uwazi, na hapo ndipo Adriano alipowaona wanaume watatu na mninga uliokatwa nusu, msumeno wa mkono bado umo ndani ya mti. Gaudensia akawaamuru waweke vifaa chini, akawaambia wamezingirwa. Mmoja wao alitazama nyuma ya yule mama, akatazama kushoto na kulia, asione mtu. Akaokota panga, akaanza kumsogelea bila haraka.

Adriano ni fundi baiskeli, si askari. Alitaka kumkimbilia, hakuthubutu. Pumzi ndiyo iliyobaki, akaitumia yote: alipiga mluzi, akatambaa hadi kichuguu kingine, akapiga tena, akahama, akapiga, mpaka midomo ikafa ganzi. Kutoka mbali Sylvester na wenzake wakausikia, wakajibu. Mwenye panga alisita. Mluzi huku, mluzi kule, akadhani pori zima limejaa watu, akatimua mbio na wenzake, wakaacha msumeno na pikipiki. Gaudensia alibaki amesimama palepale.

Kijijini Adriano alipokelewa kwa vigelegele. Sylvester alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akamwita kaka, akamwomba aingie doria, wanahitaji watu wa namna ile. Na Adriano, utaamini, alichunguza kwanza kama macho ya Sylvester yanakwenda kwa Gaudensia. Hayakwenda.

Jioni waliketi kula, wawili tu, redio imezimwa.

"Nilijua siyo Sylvester," Gaudensia alisema.

Adriano akainua shingo. Kwa hiyo mluzi wa Sylvester anaujua vizuri kiasi hicho! Lakini mkewe alikuwa anaendelea.

"Ulikuwa na upepo katikati, hapo penye pengo la jino lako. Angekuwa mwingine ningesita, maana nilijua wenzangu walikuwa bado mbali. Nikasema huyu ni Baba Advera. Amekuja mwenyewe. Hawezi kuniambia toka kama hapajawa salama. Ndiyo nikatoka."

Adriano aliendelea kutafuna. Angeweza kunyamaza na kubaki shujaa. Kijiji kizima kilikuwa tayari kumwapia. Lakini kila alipotaka kumeza alimwona yule mtu na panga lake, anakwenda bila haraka.

"Nilidhani unamwita Sylvester," alisema.

Gaudensia hakugomba. Alinawa mikono, akaifuta kwenye khanga, akafunika chakula chake ambacho hakukimaliza.

"Na mimi," akasema, "nilidhani umenijibu mimi."