Ntumba Tatu Mlangoni kwa Mzee

Leo nina mashine ya kusaga, nina lori linalopandisha samaki kutoka ziwani, na nyumba yangu ya hapa mjini, mtaa wa Izia, ina bati mpaka kwenye banda la kuku. Shule niliishia darasa la tatu. Nayasema haya ujue kwamba anayekusimulia si mtu wa kushindwa ovyo. Ila kuna mwanamume mmoja ninamwonea wivu mpaka leo, naye hana hata baiskeli.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa kijana mwenye kifua. Afisa mmoja wa serikali alikuwa amemleta mjini baba yake, mzee aliyepooza upande wa kulia, akawa anatafuta mtu wa kumtunza. Akaelekezwa kwangu sokoni. Alinikuta na gunia la ulezi mgongoni, natembea huku napiga mluzi. Hakuuliza nimesoma wapi.

Kazi niliiweza, tena sana. Asubuhi baridi ya Ufipa inakata masikio, mimi nimeshachemsha maji, nimemwogesha mzee, nimemgeuza na kumpaka mafuta asipate vidonda, nimembeba mgongoni na kumkalisha juani. Uji anaumaliza ukiwa bado moto, kwa sababu mkono wangu ulikuwa haumwagi. Majirani walisema yule mzee anang'aa kama bwana harusi. Mwenyewe aliniita "kijana". Mimi baba yangu sikumjua, kwa hiyo nilikuwa nangoja siku atakayoniita mwanangu, na sikuwa na shaka kwamba itafika.

Kabla haijafika, akaletwa yule mwingine. Mke wa afisa alikuwa mtu wa Mbeya, akamwita mdogo wake wa kiume aje tusaidiane. Mimi nishike asubuhi, yeye mchana. Alikuwa mwembamba, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa, na Kifipa hakujua hata neno la salamu. Siku ya kwanza alimwamkia mzee shikamoo akiwa amesimama wima, mikono imening'inia tu, wakati kwetu mkubwa unamwinamia na kumpigia makofi taratibu. Nikasema moyoni, huyu harudi kesho.

Mzee akacheka. Ule mkono wake mzima akaupiga juu ya goti, pole pole, kumwonyesha. Yule bwana akachuchumaa na kuiga, vibaya kabisa, mzee akamrudisha aanze upya. Walishinda hapo mchana mzima wanapigiana makofi kama watoto.

Tangu hapo nikawa simalizi zamu yangu na kuondoka. Najifanya napasua kuni, kumbe namwangalia. Alikuwa anampa mzee kijiko ashike mwenyewe, kwa ule mkono wa kushoto, na uji unaishia kifuani. Siku moja nikashindwa kunyamaza.

"Wewe bwana, unamlisha mzee au unalisha shati lake?"

"Shati nalo lina njaa, kaka," akajibu, wala hakugeuka.

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. Mimi mzee huyo nilimbeba miezi na miezi, hakuwahi kupaliwa kwa kicheko.

Masika yalipokuwa yanaelekea mwisho, mzee akaanza kudai kurudi kwao. Mwanawe alikuwa amemjengea nyumba katika kijiji cha ujamaa, mbele ya Kaengesa. Akatuita wote wawili, akatuambia kwamba mmoja wetu atakwenda na baba yake kuishi naye huko, na mzee atachagua mwenyewe. Nakwambia, usingizi uliniisha. Kijijini nisingekuwa mtu wa zamu. Ningekuwa mtu wa nyumba ile.

Nikafikiri kama mtu mwenye akili. Nilijua mzee alikuwa anaulilia mwezi ule wa kutengeneza ntumba, yale matuta yetu ya mviringo yanayofukia majani yaoze ndani, juu unapanda maharage. Basi asubuhi moja, kabla hajaamka, nikashika jembe. Nilikata udongo na majani yake, nikaupindua, nikainua ntumba tatu pale mlangoni, za duara safi. Nikapanda na maharage kabisa. Nilipomtoa mzee nje akazitazama.

"Umemaliza," akasema.

"Nimemaliza, mzee."

Akanishukuru, akaomba nimgeuzie kiti upande wa jua.

Mchana akaja yule mwenzangu wa Mbeya, akaona, na yeye akataka kutengeneza yake. Alianza kuvuta tuta refu lililonyooka kama reli. Mzee akapiga kelele za Kifipa. Akaomba fimbo, akaanza kumwonyesha akate wapi, apindue vipi. Jua lilipoelekea kuzama, mzee alikuwa ameteremshwa chini, amekaa kwenye udongo na msuli wake safi niliouanika mimi, anabonyeza maharage kwa mkono wa kushoto. Ntumba yenyewe ilikuwa imeinama kama kofia ya mlevi. Sijaona kitu kibaya kama kile. Na mzee alikuwa anaimba.

Siku ya kuchagua, afisa aliuliza mbele yetu. Mzee alinitazama mimi kwanza, na moyo wangu ukaruka.

"Kijana," akaniambia, "wewe unanibeba vizuri. Sijaanguka hata siku moja." Halafu akaelekeza kidevu upande wa pili. "Lakini mwanangu huyu ananingoja nishike mwenyewe."

Wakaondoka naye kwenye gari la serikali. Mimi ndiye niliyembeba na kumpakia, na hakugonga hata unyayo.

Mzee alishafariki. Yule bwana alibaki pale pale kijijini, wakamkatia shamba, na sasa anaongea Kifipa kama aliyezaliwa nacho. Nami bado nasema mzee mgonjwa anabebwa, haachwi achafuke. Nikipita na lori langu najisemea leo sisimami, halafu nasimama. Anatoka mbio, anainama, ananipigia makofi ya heshima, siku hizi anayapiga sawasawa. Ananiwekea kikapu cha maharage kwenye kiti cha mbele. Nayachukua, nikifika nyumbani yanapikwa. Ni matamu, na hilo nalo linaniudhi.