Bolti Nne za Nguzo ya Mama

Nguzo ya kati ya nyumba ya mama, kule Chunyu, ililiwa na mchwa wakati kaka yangu akiwa fundi vyuma Nachingwea, kwenye kazi ya Wazungu ya karanga. Majina ya wote ninaowasimulia ninayo kichwani, hata la mbwa wetu. Wamelala makaburini, siwaamshi kwa kuwataja.

Nyumbani kwetu nguzo ya kati ya mama husimikwa na mwanawe, si mkono mwingine. Basi kaka akaja na mfuko wa simenti juu ya baiskeli.

"Mama, sikupi mti tena. Nakupa chuma. Mchwa wavunjike meno."

"Chuma unakipandaje, baba?"

"Hakipandwi. Kinakalishwa."

Akatueleza wanavyofanya kwenye karakana kubwa. Shimo linajazwa zege, na ndani ya zege zinasimamishwa bolti nne, ncha juu. Zege likishakauka, nguzo inanyanyuliwa kwa winchi. Chini ina bamba lenye matundu manne. Yanavishwa zile bolti, timazi inapima kama imesimama wima, nati zinakazwa, kisha simenti inashindiliwa chini ya bamba.

Na mle ndani kwa mama akafanya hivyo hivyo, mpaka kwenye bolti. Chuma chenyewe cha nguzo kilikuwa bado; msimamizi wake wa kazi alikuwa amemwahidi kipande. Paa tukalishikiza kwa mti wa panda, pembeni.

"Zipake mafuta, mama," alisema akiondoka. "Zikila kutu, nati hazitaingia."

Kazi ya karanga ikafa. Vyuma vikapakiwa kwenye treni, na kile cha mama kikaenda navyo. Kaka akapita nyumbani kuaga, anakwenda Dar es Salaam kwenye ujenzi wa maghorofa.

"Huko vyuma havikosekani. Nitarudi na nguzo yako."

Mama akawa anazipaka mafuta ya nyonyo kwa unyoya wa kuku, anazungusha nati chini, anazirudisha juu. Wageni walijikwaa. Mtani wetu mmoja, mwanamke wa Kiyao, hakumwacha.

"Wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga vyuma."

"Vyangu havichukuliwi na mwewe."

Masika ilipokaribia, mjomba alikuja na shoka. "Dada, tuchimbe hapo kando tusimike mti. Paa hili litakuua."

"Wa kusimika yupo," mama akasema. Mjomba akaondoka na shoka lake.

Miaka ikapita. Siku moja akaja kijana wa kijiji cha Matambarale aliyekuwa akifanya kazi na kaka huko Dar es Salaam. Alipewa kigoda, hakukaa. Kaka aliugua kifua, akasema, na wamemzika huko huko.

Matanga yakawekwa. Yule mtani naye akaja, na utani wake kama desturi ya msibani, akaketi chini na kukumbatia bolti zile.

"Leo naondoka nazo. Mwenyewe haji tena."

Wanawake wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Mama hakucheka.

"Chukua kuku," akamwambia. "Chukua na kanga hii niliyojifunga. Hizo ziache. Nati bado zinazunguka."

Mtani akaziachia, akainamisha kichwa.

Mama akaniagiza chupa ya mafuta na unyoya. Wanawake wakasogeza mkeka. Akapiga magoti, akaanza na ile ya karibu na mlango, kama siku zote.