Mgomba wa Chunguni

Mdachi alipochora mpaka wa msitu wake, aliupitisha mlimani, chini kuliko nyumba yetu. Nyumba haikusogea hata hatua, ila tangu siku ile tukawa wavamizi. Askari walipanga mawe yenye chokaa, akida akatusomea amri: walio juu ya mawe wateremke kabla ya masika, maana miti huleta maji na watu huiharibu. Bibi alimwuliza maji aliyokunywa yeye bibi pale juu tangu utotoni yalikuwa yakiletwa na nani. Akida akajibu kwamba hilo halimo kwenye karatasi.

Haya, tukateremka hadi upande wa Mkuyuni, kwenye ardhi ya ukoo mwingine. Mkuu wao, mzee mpole kweli, alitupa kipande cha kulima. Mahindi ruksa, maharage ruksa, migomba hapana. Kwetu Uluguru kila mtu anajua sababu: mahindi huvunwa yakaisha, lakini mgomba huzaa wajukuu, na aliyeupanda kesho atasema shamba ni lake. Sikumchukia mzee kwa hilo. Basi, nilimchukia kidogo.

Bibi alikuwa ameteremka na chipukizi moja la mgomba wake kikapuni. Alilipanda kwenye chungu kilichovunjika shingo, nyuma ya jiko. Mzee alipoliona, bibi akamwahi: "Limo chunguni, baba. Ardhi yako halijaigusa."

Mzee alijikuna kichwa, akaenda zake. Mgomba ulidumaa, ndizi hatukuiona. Bibi aliumwagilia kila asubuhi, akisema tutarudi nao nyumbani Mdachi akishachoka. Mdachi hakuchoka. Aliyechoka ni bibi, akafa.

Maiti haijaoshwa, mzee akaja. Alitoa pole, akakaa, akakohoa. Kisha akamwambia mama kwamba kaburi nalo ni kitu cha kudumu, na ukoo wake utauliza.

Mama alikuwa bado hajalia. "Basi tumpande kama maharage, baba. Msimu ujao tutamng'oa."

Mzee aliinamisha uso. Aibu ilimshika, niliiona, na nilifurahi. Akainuka, akaenda kuchukua jembe mwenyewe.

Baada ya siku tatu mama alikipasua chungu, akaupanda ule mgomba kichwani pa kaburi. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mikono imejaa udongo. Mzee alikuwa akipita. Alisimama, akautazama mgomba ndani ya ardhi yake.

"Umwagilie," alisema.