Kigari cha Kukimbilia, na Fenesi la Kisarawe

Siku ile pale Kongowe ya Kibaha tulikuwepo watu sita na fenesi moja. Wa kwanza mimi, niliyetoka Kisarawe. Wa pili mwanangu, kitinda mimba wangu, anayekaa Visiga na kufanya kazi ofisini Dar. Wa tatu mkewe, mwalimu wa shule ya msingi. Wa nne mtoto wao, mjukuu wangu wa kiume, miezi kumi, meno manne. Wa tano shoga yake mkwe, jirani wa nyumba ya pili, ambaye hakuitwa na mtu. Wa sita mwenye duka la vitu vya mtumba vya watoto, ambaye hana udugu na yeyote kati yetu, alhamdulillahi. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao ninayo, maana mimi jina likishaniingia halitoki. Lakini mkwe ameniomba nisiyaandike, nami nimewasitiri, hasa yule wa tano.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mkwe wangu tangu ajifungue presha ilimpanda, na hospitali wakamwambia atembee kila asubuhi, akizoea akimbie. Kutembea alitembea. Kukimbia kukamnogea. Sasa mumewe anaondoka kwenda Dar alfajiri, mtoto ataachwa na nani? Mwanangu akakata shauri mtoto aje kwangu Kisarawe mpaka aanze chekechea. Mkwe akasema hapana, wenzake huko mjini wanakimbia na watoto, wanawasukuma kwenye vigari vya kazi hiyo. Wakavutana wiki nzima. Mwisho mwanangu akasema, mama atakuja kukichagua hicho kigari. Akikikubali, mtoto anabaki. Akivikataa vyote, mtoto anakwenda Kisarawe.

Na yule binti akakubali. Mpaka leo sijui kwa nini alikubali. Mimi ningekuwa yeye, nisingeniamini.

Maana nilikwishafua mbeleko. Niliifua, nikaianika, nikaikunja, nikaitia kwenye kifurushi changu. Kwa mbeleko hiyo nimebeba watoto kumi na mmoja, wangu na wa wenzangu, na hakuna hata mmoja aliyeanguka. Nikakata fenesi moja shambani la kuwapelekea kama asante ya mtoto, nikaja.

Kuhusu hizo mbio niseme kidogo. Asubuhi pale Visiga utawaona. Mtu mzima, ana ndevu, anakimbia, wala hafukuzwi wala hamfukuzi mtu. Akifika mbali anageuka, anarudi alikotoka. Ukimuuliza, baba, umefuata nini kule, anakuonyesha saa ya mkononi. Sisi tulikimbia nyoka, tulikimbia mvua, mimi mara moja nilikimbia nyuki. Hawa wanakimbia matumbo yao wenyewe, na matumbo yanakwenda nao.

Basi tukafika dukani. Mwenye duka akanipa shikamoo nzuri sana, ya mtu anayetaka kuuza.

"Marahaba. Tuonyeshe vigari."

"Vipo bi mkubwa, vya Ulaya vitupu."

Akatoa cha kwanza, chekundu, kina kikapu, kina kimwavuli, kina magurudumu manne ya plastiki madogo kama vifuniko vya sufuria. Yule jirani akapiga makofi. Alikuwa amevaa nguo ya mazoezi iliyombana mpaka nikaionea huruma nguo.

"Bibi, ona! Kina mpaka mahali pa kuwekea kahawa."

"Mtoto anakunywa kahawa?"

"Si ya mtoto, ya mama yake."

"Anakimbia, anasukuma mtoto, na kahawa anakunywa? Mkono wa tatu ameutoa wapi?"

Mwanangu akacheka, akajifanya anakohoa. Mimi nikaweka viganja vyangu juu ya mpini, nikaegemea kidogo tu, kama mwanamke anavyoegemea akichoka. Kile kigari kikajikunja chote, kimwavuli kikakutana na kikapu. Mwenye duka akasema ni kwa sababu hakijafungwa vizuri. Nikamwambia hata jeneza hufungwa vizuri. Akakirudisha ndani.

Cha pili kilikuwa cheusi, magurudumu matatu. Hapo jirani akafungua simu yake, akaanza kunisomea. Simu inasema hiki ndicho. Simu inasema cha magurudumu matatu ndicho cha mbio. Nikainama nikalishika gurudumu la mbele. Dogo, linazunguka huku na huku kama kichwa cha jogoo. Nikamuuliza simu yake ilishawahi kusukuma kitu chochote.

"Bibi, tumpandishe mtoto tujaribu," akasema.

"Mtoto humu hapandi. Linapanda fenesi."

Wakadhani natania. Nikamchukua mjukuu mkono huu, fenesi mkono huu. Fenesi lilimzidi kidogo. Vizuri, nikasema, atakua.

"Bi mkubwa, utomvu utaharibu kitambaa!" akalia mwenye duka.

"Limekatwa jana, utomvu umekauka. Na hicho kitambaa chako kimeshaharibiwa na mzungu mmoja, maziwa yake haya hapa bado."

Tukalifunga fenesi kwa mkanda uliokuwepo, mkanda mmoja tu wa tumboni. Nyuma ya duka pana kijia kinateremka kwenda bondeni, mawe mawe, kama njia zote za watu wenye akili. Jirani akasema atakimbia yeye, kwa kuwa ana uzoefu. Akakaza kamba za viatu. Akarukaruka pale pale mara kadhaa, mimi nikadhani amekanyaga siafu, kumbe anapasha mwili. Akaondoka.

Hatua kumi za mwanzo alikuwa mtu. Kisha lile gurudumu la mbele likaanza kutetemeka, kigari chote kikawa kinatikisika kama mgonjwa wa homa. Likakuta jiwe, likageuka upande. Kigari kikalala. Fenesi likachomoka chini ya mkanda, likabingirika peke yake mpaka kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo kule chini. Yule mwanamke akalisimamisha kwa mguu, hata mwiko hakuuweka chini, akapaza sauti:

"Mwenye mtoto wake aje amchukue!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nisiwafiche, nilifurahi, lakini kwa ndani. Nilimtazama mjukuu wangu nikaona ameshafika Kisarawe, ameshakaa kwenye mkeka wangu. Mkwe alikuwa amembana kifuani mpaka mtoto akalalamika. Si mtu wa kulia mbele za watu, yule. Ndiyo sifa yake moja niliyoijua mpaka siku ile.

"Hakuna kingine?" mwanangu akauliza.

"Vya mbio ni hivyo tu, kaka."

Nikaenda kukaa kwenye kreti la soda pembeni ya duka, kwenye kivuli. Na hapo ndipo nilipokiona.

Kilikuwa kimeegeshwa ukutani, kimepauka, kina tope, kimebebeshwa madumu mawili ya maji. Magurudumu matatu, makubwa, ya upepo, yana ringi na spoku kama baiskeli. La mbele limekazwa, haligeuki wala halichezi, linatazama mbele tu. Nyuma kina springi mbili. Kwenye mpini kina breki ya mkono. Na mikanda ya mtoto ilikuwepo yote, ya mabegani na ya kiunoni na ya kati ya miguu, mwenye duka kaifunga kwenye shingo za madumu yasimwagike.

Magurudumu nayajua, ingawa darasani niliishia la nne. Marehemu mume wangu alikuwa akishusha mafenesi na nazi kwa baiskeli kwenye vile vilima vya Kisarawe. Mzigo ule hauzuiliwi na breki peke yake. Yeye anashika usukani mbele, mimi natembea nyuma, nimeshika kamba iliyofungwa kwenye keria, nimeizungusha kwenye kifundo cha mkono. Baiskeli ikitaka kukimbia, mimi ndiye ninayeivuta. Miaka ile yote sijawahi kuiachia. Kwa hiyo mtu asinieleze kitu kinachoteremka.

Nikakitazama kile kigari cha maji, nikajua ndicho. Kimetoka huko kilikotoka kwa kazi hiyo hiyo, na huyu mwerevu wa vitu vya Ulaya vitupu anachotea maji. Mwenye simu amepita mbele yake mara tatu, simu haikumwambia. Mwanangu amesoma mpaka kaoza, ameegemeza mguu juu yake akifunga kamba ya kiatu. Hakuna aliyekiona isipokuwa mimi.

Na mimi nikanyamaza.

Nilikuwa na haki ya kunyamaza. Niliulizwa nichague katika vinavyouzwa, na hiki hakikuwa kinauzwa. Ningesimama tu, ningesema, haya twendeni, mpe mtoto bibi yake. Mbeleko ilikuwa kwenye kifurushi, karibu na mkono wangu. Nilikaa hivyo muda gani sikumbuki, na mimi ni mtu wa kukumbuka.

Mkwe akaja, amebeba mtoto kiunoni na kikombe cha plastiki mkononi. Akachuchumaa mbele yangu.

"Bibi, kunywa maji, jua kali."

Aliyachota kwenye dumu lile lile. Nikanywa.

"Bibi, kama hakuna, basi. Nilikwishakubali, sitageuka. Ila niruhusu niwe nakuja Kisarawe kila Jumamosi nimwone."

Alisema bila kunitazama, anafuta vumbi kwenye mguu wa mtoto, vumbi ambalo halikuwepo. Hakuninyenyekea, hakunililia. Angenililia ningemshinda kirahisi.

Nikampa kikombe chake.

"Nyie macho mmepewa ya nini?" nikasema. "Mmekaa mbele ya kitu mnakitafuta. Teremsheni hayo madumu."

Mwenye duka akaja mbio. "Bi mkubwa, hicho hakiuzwi, hicho cha maji!"

"Cha maji kina mkanda wa mabega? Maji yana mabega?"

Akakitazama kile kigari kama ndiyo kwanza anakiona. Mimi nikawa napapasa mpini. Katikati yake palikuwa na kipande cha utepe mgumu, kimeshonwa, halafu kimekatwa kwa kisu.

"Hapa palikuwa na kamba. Iko wapi?"

"Ile? Ile ilikuwa kamba ya mzigo, bi mkubwa, ya kufungia kontena. Niliikata."

"Iko wapi, nakuuliza."

Ilikuwa imeshika mwavuli mkubwa wa mbele ya duka, imefungwa kwenye nguzo. Nikamwambia aifungue. Akaifungua. Mwavuli ukaangukia vitanda vya watoto na jirani akapiga ukelele. Kamba nikaifunga mwenyewe pale ilipokatwa, fundo la baiskeli, fupi, lisifike kwenye gurudumu. Nikamvika mkwe kitanzi kwenye kifundo cha mkono.

"Mkono ukiteleza, ukijikwaa, hii haitelezi. Siku ukikimbia bila hii, nakuja na mbeleko."

Tukalifunga fenesi mikanda yote. Mkwe akakimbia nalo mwenyewe, akateremka, akapita yale mawe, akapanda. Nikamwambia ateremke tena aachie mpini makusudi. Akaachia. Kigari kikataka kwenda, kamba ikakivuta, kikasimama. Fenesi halikugeuza hata kichwa. Yule mama wa mihogo akapiga kigelegele.

"Lakini rangi yake, Bibi," jirani akasema. "Kimechujuka. Watu watamcheka."

"Kipake wewe. Huna kazi."

"Sasa mimi nitachotea maji na nini?" mwenye duka akalalamika.

"Si una kile chekundu? Kina hata mahali pa kahawa."

Akakiuza. Angefanyaje.

Jioni ile Visiga tulilipasua fenesi, na jirani alikuja kula bila kuitwa, kama kawaida yake. Mtoto alilamba kidogo, akakunja uso. Kesho yake nikarudi Kisarawe, na mbeleko nikarudi nayo imekunjwa vile vile. Mkwe anakimbia mpaka leo, presha imeshuka, na kila Jumamosi wanakuja, ingawa sikumwekea sharti hilo. Kukimbia bila kufukuzwa bado nakudharau, na mwenye duka yule nikipita Kongowe namtazama vibaya.

Niliyoyaandika ni kama ninavyoyakumbuka. Sasa mkwe anasema nimekosea sehemu moja. Anasema kikombe cha maji alikileta baada ya mimi kusema teremsheni madumu, si kabla, na kwamba sikukaa kimya muda wowote. Mwanangu anasema hakuangalia. Mimi nakumbuka kabla, na maji yale nayakumbuka hadi ladha ya dumu. Lakini aliyekuwepo, hata yule mama wa mihogo, kama aliona vingine anisahihishe, sitanuna. Ningependa sana niwe nimekosea hapo, ionekane nilisema mwenyewe, bila kunyweshwa maji kwanza.